Dogo wa Muheza, achana na bawa la duaradufu

Juzi dogo mmoja wa Muheza kanitumia meseji, "bro naomba mchoro wa lile bawa lako la Spitfire", nikacheka halafu nikakosa raha, manake lile bawa ndo limenila miezi saba.

Nawajua nyie, wote mnaotaka kujenga ndege mmeanza na ile picha. Hata mimi. Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza yenye mabawa ya duaradufu, yaani umbo la duara lililovutwa, iliruka mara ya kwanza 1936 na ukiitazama kwa chini unaweza kulia. Nikasoma kwamba Prandtl, yule mtaalamu wa Kijerumani wa mambo ya hewa, alishapiga hesabu, kwa bawa la urefu uleule, mnyanyuo (nguvu inayoinua ndege) ukijipanga kiduaradufu ndo bawa linaburuzwa na hewa kidogo kuliko yote, basi nikaona nimemaliza, kilichobaki plaiwudi tu.

Mbavu, yaani vipande vya ndani vinavyolipa bawa umbo, 15 kila upande na hakuna mbili zinazofanana. Mjomba wangu ni fundi mashua, akapita hapa kwangu Ngamiani, Tanga, akaokota ubavu mmoja akasema, "Mie mataruma, mbavu za mashua, nachonga moja moja kwa kuwa mti wenyewe unakuja umepinda, we plaiwudi yako imenyooka unaitesea nini?" Nikamwona mshamba. Mungu anisamehe.

Hiyo miezi saba siisimulii, ni msasa na ugomvi na mke wangu juu ya vumbi.

Modeli ya mita 2, ambayo ilitakiwa ije kabla ya yote, nikaipeleka ufukweni Sahare maji yamekupwa. Ikapaa! Nikapiga kelele kama mtoto. Kuja kuipunguzia spidi itue, bawa zima likaachia kwa mpigo, yaani likaacha kunyanyua, ikalala upande, pua mchangani. Kuna mtu wa group letu alirekodi, sitaki kuizungumzia hiyo video.

Kumbe duaradufu lisilosokotwa linabeba sawasawa kote, kwa hiyo linaachia kote kwa pamoja, onyo hupewi. Spitfire yenyewe imesokotwa, ncha inainama digrii kama 2 na nusu kuliko shina (pale bawa linaposhika mwili wa ndege), ili shina liachie kwanza huku eleroni, vile vibapa vya nchani vya kuilaza ndege upande, bado zinashika. Mimi nilisokota sifuri, nilikuwa na haraka ya kupiga picha.

Sasa sikilizeni. Bawa la mstatili linakupotezea kama asilimia 5 tu ya ule mburuzo wa kunyanyua, yaani ule unaotokana na kuinua ndege kwenyewe, na ukilichonga ncha ikabaki kama 0.4 ya upana wa shina unapoteza asilimia 1 hivi. Lirefushe kwa asilimia 10, kwa uzito na spidi ileile mburuzo huo unashuka asilimia 17. Mbavu chache za ziada, kwisha. Bawa la pili la modeli nililifanya la mstatili, patani moja, wiki tatu, limeruka mara 11 halijanizira.

Vijana tunapenda sifa, ndege ipendeze kwenye simu kabla haijapaa. Watu wananiambia nimekata tamaa. Sijakata tamaa, nimekata mbavu zinazofanana.

Dogo, njoo Jumamosi baada ya alasiri, beba hadibodi ya kukatia patani. Mchoro wa duaradufu sikupi. Zile mbavu 30 ukizitaka wahi, mke wangu kashaanza kuwashia jiko.