Mwalimu mkuu anayeongoza kweli

Umeuliza kama walimu wakuu kwenye riwaya za shule za bweni za wasichana wanaongoza kweli, au wamewekwa tu kutisha watoto. Wapo wanaoongoza, na mimi ningekuanzishia na Miss Temple wa Lowood, shule ya bweni ya wasichana katika Jane Eyre (1847), riwaya ya Charlotte Brontë. Uji wa asubuhi umeungua, wasichana wameshindwa kuula. Anaagiza wapewe mkate na jibini, na anasema wazi kwamba jukumu ni lake. Bwana Brocklehurst, anayeshika fedha za shule, anamkaripia kwa hilo. Baadaye Jane, mwanafunzi anayesimulia riwaya, anaitwa mwongo mbele ya shule nzima. Miss Temple haishii kumbembeleza: anaandika barua kuulizia ukweli, na jibu likija anamsafisha Jane hadharani, mbele ya wale wale waliosikia tuhuma. Huo ndio uongozi ninaoupenda, hasa kwa vile mamlaka yake yenyewe ni madogo.

Miss Grayling wa Malory Towers, shule iliyo katika riwaya za Enid Blyton zenye jina hilo (1946 hadi 1951), ni mtu wa aina nyingine. Anawaita wasichana wapya ofisini, anawaambia kwamba anayefaulu kweli ni yule mwenye utu na wa kuaminika, si mshinda mitihani tu. Maneno mazuri mno! Ila baada ya hapo haonekani sana, na wasichana wanaadhibiana wenyewe, mara nyingine kwa ukatili. Hapo namlaumu.

Ukimsoma yeyote kati yao, angalia nani ana kauli juu yake.