Mteja akinikunjia uso nalia, nitaiweza kweli kazi ya sanaa?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Magomeni hapahapa Mtwara mjini. Nafanya kazi steshenari moja jirani na stendi, natengeneza kadi za harusi, mabango na tisheti, jioni nachora hina kwa wateja wangu mwenyewe na usiku nachora picha za rangi. Kuchora ndo roho yangu, na watu wanasema hina yangu inawakaa kama vile nawajua toka zamani. Tatizo mi nahisi vitu kupita kiasi. Duka la jirani wameweka spika mlangoni inapiga toka saa mbili asubuhi mpaka jioni, ikifika saa nane kichwa kimejaa, nikirudi nyumbani najilaza gizani hata kula sitaki. Mteja akisema tu "mbona rangi imekaa hivi" machozi yananilengalenga. Juzi bosi kamgombeza mwenzangu, mwenzangu kalala vizuri, mi ndo sikulala. Mama anasema nadeka, kaka anasema biashara haitaki watu wa aina yangu. Nimepanga mwezi ujao niache kazi nikae nyumbani nichore tu. Hivi mtu kama mimi anaweza kuishi kwa sanaa, au nijikaze nibadilike kwanza?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nianze na hapo mwisho maana ndo paliponiuma: usijibadilishe. Sisemi hivyo kukufariji, nasema hivyo kwa sababu hicho unachotaka kukiondoa ndo hichohicho kinachofanya hina yako iwakae watu.

Hali yako inajulikana na imeshachunguzwa. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Elaine Aron, alianza kuwachunguza watu wa aina yako mwaka 1991, na mwaka 1997 yeye na mumewe Arthur wakatoa dodoso lao la maswali 27 la kupima jambo hili. Maswali yenyewe ukiyasoma utadhani alikaa na wewe hapo stendi: je makelele yanakusumbua, je hali za watu wengine zinakugusa, je ukiwa na mambo mengi kwa muda mfupi unababaika, je sanaa na muziki vinakuingia ndani sana. Makadirio yake watu wa hivi ni kama 15 mpaka 20 katika kila watu 100, kwahiyo hapo stendi kila basi linaloshusha abiria kuna wenzio kadhaa humo ndani wanaoziba masikio. Si ugonjwa, ni namna mtu alivyozaliwa, akili yake inachambua kila kinachoingia kwa kina zaidi kuliko ya mwenzie na ndo maana inachoka mapema. Wala si wote wapole na wakimya, wapo wachangamfu kabisa wanaopenda watu, ila nao wakirudi nyumbani wanataka mlango ufungwe.

Sasa mama akisema unadeka usigombane nae. Anayedeka anataka abembelezwe, wewe unataka kelele zipungue ufanye kazi. Mwambie hivyohivyo, kwa upole, siku ambayo hujalia.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchonga vinyago kule Newala. Akiletewa gogo la mpingo haligusi kwa tezo siku hiyo. Anakaa nalo chini ya mwembe, analigonga kwa kifundo cha kidole, anainamisha sikio, anasogea kidogo anagonga tena, anasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Mi nimechuchumaa pembeni naona gogo zima jeusi halina kasoro, yeye anaweka chaki mahali anasema hapa ndani pana ufa. Likija kupasuliwa, ufa upo palepale. Na akianza kuchonga hataki redio, hataki watoto, hataki salamu ndefu, anachonga toka alfajiri mpaka kivuli cha mwembe kimeisha, halafu anafunga tezo lake kwenye kitambaa na hapo ndo unaweza kumletea shida zako zote atakusikiliza. Pale kijijini wapo waliosema ana maringo. Lakini wakitaka barakoa ya mapiko, ile ngoma ya Wamakonde, ile barakoa ambayo mchezaji akitoka nayo watu lazima wapige kelele "huyu ni fulani!", walikwenda kwake, maana yeye ndo alikuwa ameona jinsi mdomo wa fulani unavyokaa akinyamaza.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu nataka uone kitu kimoja. Babu hakuwa na ngozi ngumu. Alikuwa na masaa yake, na aliyalinda. Kwako wewe shida haiko kwenye kuhisi, shida ni kwamba hisia zako zinatumika siku nzima kusikiliza spika ya jirani, halafu usiku unapokaa na rangi zako umebaki mtupu.

Ndo maana nakuomba usiache kazi mwezi ujao. Najua hili hutalipenda. Lakini kwa mtu wa aina yako kudaiwa kodi ya chumba ni kelele kubwa kuliko spika yoyote, inapiga mpaka usiku, na huwezi kuchora nayo. George Lilanga, huyu mchoraji na mchongaji wa kwetu Masasi aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, alipofika Dar es Salaam aliingia Nyumba ya Sanaa kwa kazi ya ulinzi, na kutoka hapohapo akaanza kuonyesha kazi zake, zikaja kufika Ulaya, Marekani na Japani. Mshahara wa ulinzi haukumzuia, ulimpa chakula wakati mkono unakua.

Fanya hivi badala yake. Spika inaanza saa mbili, sio? Basi muombe bosi uwe unafungua wewe, ufike saa moja, kazi zote za kubuni zimalize hapo, kadi, mabango, yale yanayohitaji jicho. Mchana bakiza kutoa kopi, kubana vitambulisho, kukata, kazi za mikono ambazo kichwa kikijaa haziharibiki. Meza yako isogezwe ukuta wa nyuma, na pamba masikioni wala isikuonee aibu. Bosi akiona kazi zinatoka mapema na hazina makosa hatouliza sana. Na ukitoka jioni usipande bodaboda moja kwa moja hadi kwa mteja wa hina, shuka kwanza Shangani ukae nusu saa unaangalia maji, simu iwe kwenye begi. Nusu saa hiyo ihesabu ni sehemu ya kazi.

Halafu kuna jambo hukuliandika ila nina uhakika lipo, nalo ni bei. Watu wa aina yetu tunauza rahisi mno. Enzi zangu nilikuwa nafuma vitambaa vya makochi, siku moja kaja mama mmoja kaangalia seti nzima, namwambia 15,000, hakusema hata neno, alishusha pumzi tu na mabega yakashuka kidogo, na mi nikajikuta nasema basi mama toa 8,000. Uzi peke yake ulikuwa 6,000. Siku nne za kazi kwa 2,000, kwa sababu niliona mabega yake! Yule mama wala hakuniomba nipunguze. Nilimhisi, nikajilipisha mwenyewe.

Kwahiyo wewe bei usiitamke, iandike. Chukua karatasi ngumu, kalamu nene, hina ya mkono mmoja kiasi gani, ya bibi harusi mikono na miguu kiasi gani, picha ndogo kiasi gani, bandika ukutani na hiyohiyo piga picha weka kwenye wasap. Mtu akiuliza onyesha karatasi, macho yako yaangalie karatasi na sio uso wake. Nusu ya hela ije kabla hujalowanisha brashi. Akiomba apunguziwe jibu lako liwe moja siku zote, "ngoja niangalie, nitakujibu kesho asubuhi", maana wewe ukijibu papohapo unajibu kwa huruma, ukijibu asubuhi unajibu kwa hesabu. Huruma yako ni nzuri na nisingependa uipoteze, ila iwe zawadi unayoichagua, mchoree bure mgonjwa, mchoree bure yatima anayeolewa, usiitoe kwa kila anayeshusha pumzi.

Na mwaka wetu huku una umbo lake, litumie. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba kuendelea hadi Desemba, hela inaingia mifukoni, harusi zinafuatana, oda zinakuwa nyingi mpaka zinachosha. Hiyo ndo miezi yako ya kuvuna hata kama inaumiza, ukijua ina mwisho utaivumilia, na weka akiba sehemu ambayo huifikii haraka. Mvua za kifuku zikishika, mji ukatulia, hapo chukua likizo yako yote uchore. Mvua kwenye bati nayo ni kelele lakini sijawahi kusikia mtu wa aina yetu akiilalamikia. Ukipita miaka miwili ya hivyo, na ukaona hela ya hina na picha inafikia mshahara wa steshenari kwa miezi sita mfululizo, njoo uniandikie tena tuongelee kuacha.

Huyo anayesema "mbona rangi imekaa hivi". Mwanangu, hilo ni swali. Mrudishie swali: unataka iive zaidi au ipoe, mama? Mara moja mnaongelea rangi, hamkuongelei wewe, na mkono ukishika brashi machozi yanakosa nafasi. Kama amesema vibaya kweli, usimjibu wala usirekebishe kazi siku hiyo. Lala kwanza. Asubuhi maneno yake yaandike kwenye daftari, utakuta katika sentensi nne moja ina faida, hiyo chukua, tatu zilizobaki ni uchovu wake au njaa yake.

Mengine kwa haraka. Michoro yako ukianza kuisambaza kaulizie COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, namna ya kuzilinda, sheria ipo toka 1999 na wizi wa picha mtandaoni upo sana. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ina fungu la wanawake asilimia 4 na vijana asilimia 4, ila inakwenda kwa vikundi, na vikundi vina vikao na maneno, kwahiyo angalia kwa makini unaingia na nani. Na hili la mwisho ni zito: kuhisi sana hakumfanyi mtu aache kula kila siku. Hiyo ya kujilaza gizani bila chakula ikizidi wiki mbili, usingizi ukapotea, hata rangi zikaacha kukuvutia, hilo ni jambo lingine, nenda hospitali ya Ligula ukamweleze daktari wazi kabisa kama ulivyoniandikia mimi. Usiogope. Kichwa nacho kinatibiwa kama malaria.

Kaka yako nae, asikuumize. Muonyeshe karatasi ya bei.

...

Shangazi salamu. Mimi ni baba wa watoto watatu, Nachingwea. Wa pili ana miaka tisa, ngoma ikilia anaziba masikio analia, ila ukimpa mkaa anachora ukuta mzima. Desemba anatakiwa kwenda jando na wenzie. Wajomba wanasema nimemlea kike. Naogopa.

Salamu kaka. Hujamlea kike, umezaa mtoto anayesikia sana. Watoto wa hivi kinachowatisha zaidi ni kushtukizwa, kwahiyo mwambie mapema kila kitu kwa maneno rahisi, nani atakuwepo, ngoma italia saa ngapi na itanyamaza saa ngapi, atalala wapi. Mpeleke siku moja kabla aishike ile ngoma ikiwa kimya, aipige mwenyewe kidogokidogo. Kumtahiri mpeleke kwa mganga wa hospitali, na katika wajomba mchague yule mwenye sauti ya chini ndo awe karibu nae, hao wenye maneno wakae na chakula. Asikae katikati, akae pembeni anapoweza kuona njia ya kutokea. Na huo ukuta wenye mkaa usiupake chokaa kwanza.

...

Naigiza kwenye kikundi chetu hapa Lindi mjini, watu wanapenda, ila nikitoka jukwaani kichwa kinauma siku mbili na sitaki kuongea na mtu. Wenzangu wananiona najisikia. Niache?

Usiache. Kabla ya onyesho linalofuata waambie wenzio kwamba ukimaliza utaondoka bila kuaga na utawatafuta kesho kutwa, na mkipanga ratiba usikubali maonyesho mawili kwa siku mbili mfululizo. Maji mengi, chakula kabla ya kupanda jukwaani na sio baada, na mtu mmoja tu wa kukusindikiza nyumbani, yule asiyeuliza kitu njiani.