Wazee walikula biriani wakaondoka, nifanyeje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi naongoza wageni kwenye kituo kidogo cha kumbukumbu huku Kigoma. Mwaka jana nilipelekwa kongamano la watu wa makumbusho, siku tatu, kila anayeshika maiki ni "shirikisheni jamii, shirikisheni jamii", nikarudi na begi na peni. Basi nikaita wazee, wakakaa kwenye viti vya plastiki wakasikiliza risala mbili, wakala biriani, mpaka leo hawajarudi. Wanaoingia ni watalii tu, watoto wa mtaani wanapiga mpira nje ya geti. Nimekosea wapi?
Mwongoza wageni, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Biriani haina kosa. Umeita watu wazima waje wakusikilize wewe, tena mambo ya kwao wenyewe, hapo lazima mtu ale aondoke.

Hayo maneno ya kongamano ni ya kweli, hata ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, walipopitisha maana mpya ya makumbusho kule Prague 2022 ushiriki wa jamii waliuweka humo humo. Ila pa kuanzia hukuambiwa. Anza na vikadi, vile vya maelezo vinavyowekwa kando ya vitu.

Niliwahi kuingia kituo kimoja, sikitaji, kuna kinu kimezungushiwa kamba, kikadi kinasema "Chombo cha asili. Mti." Mti! Kuna mama alikuja na mjukuu wake akacheka, akamwambia hiki cha kutwangia chikichi tunapotengeneza mawese, ona kilivyolika upande huu, aliyekuwa anatwanga alizoea kusimama pale pale kila siku. Mwongozaji yuko mlangoni anachati, hajasikia hata neno.

Sasa wewe chagua vitu vitano usivyovijua vizuri, piga picha (maana bosi wako hatokubali vitoke), nenda mwaloni wanapoanika dagaa, nenda sokoni kwa wauza mawese, uliza hiki nini, kwa Kiha mnakiitaje, nani alikuwa nacho kwenu, afu nyamaza. Atakachosema kiandike kwenye kadi mpya na jina lake chini kama karidhia. Huyo atarudi, tena na mashoga zake, kuwaonyesha jina.

Watoto nao waingize kwa kisa cha Stanley, mwandishi wa habari, alipokutana na mmisionari Livingstone, maana pale Ujiji 1871 inasimuliwa kama vile walikuwa wawili peke yao, wakati aliyetoka mbio kumpokea Stanley ni Susi, mtumishi wa Livingstone, na Livingstone alipofariki 1873 ni Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wenzao walioubeba mwili kwa miguu mpaka Bagamoyo kwa miezi mingi. Waache hao wa mpira waigize msafara kuanzia hapo getini, wagombanie wenyewe nani awe Susi.

Kugombania ni kuzuri bwana. Bujora, kule nje ya Mwanza kwenye makumbusho ya Wasukuma, ikifika sikukuu ya Bulabo mwezi wa 6 vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana na uwanja unafurika, kila mtu ana upande wake. Kwenye risala nani ana upande?

Hela ya biriani ifanye nauli ya hao wamama. Na lile begi la kongamano ndo la kubebea picha.