Muulize Mzee: Kobe amemeza ndoano yangu

SWALI: Shikamoo Mzee. Natega ndoano za kambale usiku kwenye mlango wa mto Lufilyo, huku Matema. Tangu mvua zianze nimeshapata kobe wa maji watatu. Wa kwanza ndoano ilimshika mdomoni, nikaivuta ikatoka na nyama. Wa pili aliimeza yote. Wa tatu alinasa kwenye wavu wa mwenzangu, tukamkuta amelegea, tukamtupa majini. Shemeji anasema kobe ni wa kukata kichwa tu, uokoe ndoano yako. Roho inanisuta. Nifanyeje?
Mvuvi, Kyela

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo wa tatu, maana huenda mlimtupa akiwa hai. Kobe hana matamvua, anapumua kwa mapafu kama wewe. Wavu ukimzuia kupanda juu kuvuta hewa anazimia, na ukimrudisha majini hajazinduka, anafia huko huko.

Nimeyafanya hayo miaka mingi nikivua na baba mdogo pale Mwaya. Asubuhi moja tulipata mmoja, shingo inaning'inia kama soksi mbovu. Baba mdogo alitaka gamba lake, akamlaza mtumbwini kwa tumbo, nyuma akaegemea fundo la kamba, kichwa kikaelekea chini. Tukaenda kuuza samaki. Tuliporudi mchana kobe hayupo. Baba mdogo akaanza kutukana wezi, mpaka nilipomwonyesha alama za kucha kwenye mchanga, zimenyooka hadi ziwani. Kumbe lile fundo lilikuwa dawa: maji yalimtoka mapafuni.

Basi fanya vivyo hivyo, ila kwa makusudi. Mlaze kwa tumbo kivulini, nyuma umwinue kama sentimita 15, mfunike kitambaa kibichi bila kuziba pua. Usimgeuze chali wala kumkanyaga kifua, na usimtumbukize kwenye beseni la maji. Kila baada ya muda gusa mkia au kando ya jicho, uone kama anashtuka. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku nzima. Akianza kutembea na kuinua kichwa mwenyewe, mshushe taratibu mbali na nyavu.

Ndoano sasa. Kwanza, usimnyanyue kwa mshipi. Mwingize kwenye wavu wa mkono au mshike gamba kwa pande mbili, nyuma ya katikati. Ndoano ikiwa mdomoni na unaiona vizuri, usiivute ilikoingilia, kile kijino cha nyuma ndicho kinachochana nyama. Ncha ikiwa imetokeza upande wa pili, kata kijino kwa plaizi, kisha irudishe nyuma, itateleza. Ikiwa imeshuka kooni, sahau hiyo ndoano. Kata mshipi karibu nayo kadiri plaizi inavyofika. Usimwachie mshipi mrefu unaoning'inia: unaweza kumnyonga, au aumeze ukamvuruge utumbo. Ukimpata daktari wa mifugo aliye tayari kumtazama, mpelekee.

Safari ijayo bonyeza vile vijino kwa plaizi kabla ya kutega. Kambale watakutoroka wawili watatu, sikudanganyi. Ukipata ndoano za duara, zile ambazo ncha imepinda kurudi ndani, ni bora zaidi, kwa kuwa aghalabu hushika pembeni mwa mdomo badala ya kushuka tumboni. Na mitego ikague mara kwa mara, usilale mpaka jogoo awike.

Shemeji naye mwambie kobe hakui akazaa kwa msimu mmoja kama dagaa, inamchukua miaka mingi. Na kabla hajashika hicho kichwa anachotaka kukata, aje kwangu nimwonyeshe kidole changu cha shahada. Ncha yake ilibaki Mwaya.