Turubai la Land Rover: tazama mishono kabla ya kitambaa

Mwaka 2012 nilipoteza magunia mawili ya iliki kwa ukungu, na mvua haikuyagusa hata tone. Turubai lilikuwa jipya, la plastiki nzito, lile lile wanalofunikia malori ya mizigo. Nilipakia kule Amani, milimani Usambara, jioni, barabara ya kushukia Muheza ikawa imekatwa na maporomoko, nikalala huko siku mbili. Asubuhi ya pili nilifungua pazia la nyuma nikapandisha mkono juu ya magunia: dari lote lilikuwa linatiririka jasho, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Iliki ilikuwa bado na unyevu kidogo wa ndani, ikapumua usiku kucha, na pumzi yake haikuwa na pa kutokea.

Turubai halikuwa na kosa. Mimi nilikwenda dukani nikauliza, "Lipi halipitishi maji?" Nikauziwa lisilopitisha maji. Sikuuliza kama linapitisha hewa.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 pikapu, niliyoipata mnadani ikiwa imechoka lakini chasisi nzima. Nabebea viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga, na wakati mwingine watu, kwa sababu ukipita na gari tupu barabara ile ukawaacha kina mama na vikapu vyao, siku nyingine ukikwama hutasukumwa. Tangu niinunue limevaa maturubai matatu. Mawili nilikosea kuchagua, la tatu bado liko juu, kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyalipia.

Land Rover na turubai ni ndugu wa siku nyingi. Zilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, turubai ndilo lilikuwa paa lake la kawaida. Bati lilikuja baadaye. Ndiyo maana ukitazama bodi ya pikapu hizi utakuta kulabu za kufungia kamba zimepangwa ubavuni na matundu ya kusimamishia matao ya chuma. Usikubali fundi akutobolee bodi upya kabla hajakuonyesha kwamba kulabu za zamani hazifai. Bodi ni aluminiamu. Ukifunga skrubu za chuma kitupu, hasa huku Tanga kwenye chumvi ya bahari, mahali metali hizo mbili zinapogusana aluminiamu huanza kuliwa na kuwa unga mweupe.

Sasa kitambaa. Watu hubishana sana hapa, na mimi naona ubishi wenyewe umekaa mahali pasipostahili, ila tuumalize.

Turubai la plastiki, yaani poliesta iliyopakwa PVC, ni zuri kwa mtu anayebeba saruji, mbao, matenki, au jenereta. Linaoshwa kwa sabuni na maji, halinywi maji, na tope likikauka unalipangusa tu. La gramu 600 hadi 700 kwa mita ya mraba linatosha pikapu. Zaidi ya hapo mtu mmoja hawezi kulikunja peke yake. Ubaya wake ni huo jasho, na joto. Baada ya miaka kadhaa ya jua hukakamaa, kisha hupasuka pale pale linapokunjwa kila siku.

Kanvasi ya pamba hupumua. Ikinyeshewa, nyuzi zake huvimba na kuziba vitundu, na ndiyo maana kanvasi mpya huvuja mvua ya kwanza halafu huacha. Ilowanishe mwenyewe kwa mpira wa maji, iache ikauke juu ya gari, rudia mara mbili, kabla hujaiamini na mzigo. Lakini kanvasi ina tabia ambayo hakuna aliyeniambia: ikilowa hujikaza. Mwaka 2014 niliifunga kamba zikalia kama gambusi, mvua ya usiku ikaja, asubuhi nikakuta ringi tatu za shaba zimeng'oka na vipande vya kitambaa. Ukiona wingu, legeza kamba kidogo. Na usiikunje ikiwa mbichi, hata kwa usiku mmoja. Ukungu wa pwani haungoji.

Ipo pia kanvasi ya mchanganyiko wa pamba na poliesta iliyotiwa dawa ya kuzuia maji. Ni ghali, na ndiyo niliyo nayo leo. Kwa viungo na abiria sijaona ya kuizidi. Lakini kama kazi yako ni saruji, nakushauri uhifadhi hela zako.

Nilisema ubishi umekaa pasipostahili. Nenda gereji yoyote yenye pikapu za turubai, zitazame zilizochakaa. Katikati ya kitambaa utakuta pazima kabisa, unaweza kukata ukashona begi la shule. Kilichokufa ni ukingoni: pindo limeachia, ringi imeng'oka, zipu imefumuka, pembe ya tao imetoboa kwa kusugua. Turubai hufa kuanzia pembeni. Basi hela ziende huko.

Turubai langu la pili na la tatu nilishonewa na mzee mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, ambaye ujanani alishona matanga ya majahazi. Nilimpelekea kitambaa cha kanvasi nikiwa najivuna nacho. Hakukigusa. Aliniuliza, "Mwanangu, uzi gani umeleta?" Nikamwambia uzi si upo hapa kwako. Akacheka.

Tulibishana siku nzima kuhusu uzi, na mpaka leo nasema kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya haki. Yeye alishikilia uzi wa pamba: ukilowa unavimba, unaziba tundu la sindano, mshono hauvuji. Mimi nilitaka poliesta kwa sababu haiozi. Akashinda mzee. Kweli, dari halikuvuja hata masika. Lakini mwaka wa tatu pindo la chini, pale tope na maji vinaporuka kutoka kwenye tairi, lilianza kuachia lenyewe. Ukivuta uzi kwa kucha unakatika kama tambi. Turubai la tatu tukapatana: uzi ambao kiini chake ni poliesta na juu umezungushiwa pamba. Unapatikana, ila uulizie kwa mafundi wa mahema, si duka la vitenge. Nailoni usikubali. Ni imara mkononi, lakini jua huimaliza mapema, na huvutika.

Ukiwa kwa fundi, tazama mambo machache kwa macho yako. Mshono wa dari uwe wa kukunjia, kitambaa kimoja kimeingia ndani ya kingine kama pindo la suruali ya jinzi, na upitiwe mara mbili. Ukingo uelekee chini au nyuma, usiwe kama mfereji unaokusanya maji. Mshono usipite juu ya tao la chuma. Upite kando yake. Kila mahali kitambaa kinapolala juu ya tao kiongezwe kiraka cha ndani, cha ngozi au cha mkanda mzito, kwa sababu hapo gari likitikisika kutoka Amani hadi Muheza, chuma kinafanya kazi ya msasa. Ringi zipigwe kwenye kitambaa kilichokunjwa mara tatu au chenye mkanda ndani. Ringi iliyopigwa kwenye kitambaa kimoja ni pambo.

Pazia la nyuma lina hadithi yake. Wengi wetu kiangazi tunalikunja juu ili upepo upite. Usifanye hivyo ukiwa umebeba watu na pembeni umefunga. Gari la umbo la sanduku likikimbia huacha nyuma yake pengo la hewa, na pengo hilo huvuta vumbi lirudi ndani. Mke wangu alisafiri nyuma safari moja, pamoja na wanangu, akashuka Muheza kope zimekuwa nyekundu kwa vumbi, mtoto mdogo analalamika kichwa. Kichwa kile hakikuwa cha vumbi. Moshi wa ekzosi hurudi kwa njia ile ile, na ndani yake mna kaboni monoksaidi, isiyo na harufu na inayoua. Tangu siku hiyo sheria ni moja: nyuma ikifunguliwa, na pembeni mbele zifunguliwe ili hewa iingie mbele itokee nyuma. Kwa hiyo mwambie fundi pazia za pembeni zikunjike na zifungike kwa mikanda, zisishonwe moja kwa moja. Akikuambia ni kazi ya ziada, mlipe hiyo ziada.

Madirisha ya plastiki angavu mimi sina tena. Nilikuwa nayo kwenye turubai la pili, mawili pembeni na moja nyuma. Siku moja niliacha gari kwa vijana wa kuosha, nikarudi nikakuta dirisha la nyuma linang'aa kuliko kioo cha mbele. Kijana alilipangusa kwa dizeli, akajisifu kabisa. Baada ya wiki kadhaa lilikuwa kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho, na lilipokunjwa asubuhi ya baridi likapasuka katikati. Plastiki ile huoshwa kwa maji mengi kwanza ili vumbi liondoke, ndipo sabuni laini na kitambaa cha pamba. Ukiipangusa kavu, kila chembe ya mchanga inachora. Mafuta, petroli na dawa za kusafishia vioo viwekwe mbali nayo. Kama unabeba abiria kila siku weka madirisha, lakini mwambie fundi ayashone kwa namna ya kubandua, maana utayabadilisha kabla ya turubai lenyewe.

Zipu: kubwa, ya meno ya plastiki. Za chuma huku pwani hushika kutu au huota ukijani, zikagoma. Ipake mshumaa mara moja kwa mwezi. Velkro, ule mkanda wa kubandika na kubandua, ni nzuri mjini. Kwenye barabara ya tope inakuwa brashi ya kukusanyia udongo.

Kama unafikiria kuagiza lililoshonwa tayari kutoka Uingereza, kwa Land Rover yapo na mengi yamekaa vizuri, lakini hakikisha unajua gari lako ni lipi. Turubai la zile za zamani za Series halikai mbele ya 110, kwa sababu kioo cha mbele cha 110 ni kirefu zaidi. Na kuna linalofunika mpaka juu ya kioo cha mbele, na kuna lile la robo tatu linaloanzia nyuma ya kabini. Ukiwa na pikapu yenye kabini ya bati kama yangu, unataka hilo la pili. Jirani yangu mwenye Suzuki Samurai aliagiza kwa kutazama picha tu. Lilifika zuri, la gari lenye bodi ndefu. Sasa limefunika kuni zake.

Wizi hauna dawa kwenye turubai. Wembe mmoja, sekunde mbili. Mimi nilichaniwa turubai sokoni mchana kweupe, wakachukua jeki na kamba, na kushona ule mpasuo kuliniuma kuliko jeki. Sasa nimechomelea sanduku la chuma sakafuni lenye kufuli, na turubai silifungi kwa kufuli hata siku moja. Anayetaka kuchungulia afungue kamba achungulie, hakuna kitu, aende zake.

Rangi nilichagua ya mchanga. Nyeusi hupika mzigo na watu. Kijani ni nzuri pia, ila madoadoa ya jeshi usiyakaribie, kama hupendi kusimamishwa kila kizuizi ukajieleza.

Na matao yale ya chuma yanashika kitambaa tu. Gari likipinduka hayamkingi mtu yeyote. Kama watu wanapanda nyuma mara kwa mara, weka fremu ya bomba nzito iliyofungwa kwenye chasisi, na turubai lipite juu yake. Nimeliandika hili mwishoni kwa sababu na mimi nililifanya mwishoni, baada ya miaka saba, na sijivunii.

Siku ya kulipa, mzee wa Ngamiani alitaka hela yake yote mezani. Nikamwomba saa moja. Niliingia ndani ya gari mchana wa jua kali, nikafunga kila pazia, nikakaa gizani mpaka macho yakazoea. Vitundu vyote vya mwanga vilijitokeza kama nyota: vinne kwenye mshono wa kushoto, kimoja kwenye pembe ya nyuma. Nikavizungushia chaki. Kisha mke wangu akashika mpira wa maji nje akaanza kumwaga, juu, ubavuni, tena kwa kulenga nyuma kama mvua ya upepo, mimi ndani na tochi. Vitundu vinne havikupitisha kitu, uzi ulikwisha kuvimba. Ile pembe ilidondosha tone moja, likatua shingoni.

Mzee alikuwa amesimama nje akinisubiri, sindano tayari mkononi.