Uliza Fundi: Kamera chumbani kwa mama, ndiyo au hapana?

SWALI: Kaka Fundi, habari za kazi. Mama yetu ana miaka 79 na anaishi peke yake tangu baba afariki. Magoti yanamsumbua, kuinuka kwenda kufungua mlango ni safari, na mdogo wangu ameshamkuta zaidi ya mara moja ameacha jiko linawaka. Kaka yetu mkubwa, ambaye yuko mbali na ndiye mwenye uwezo, ameagiza kila kitu kwa mpigo: kitasa cha mlango kinachofunguliwa kwa simu, kamera mbili za ndani (sebuleni na chumbani), spika ya kuongea nayo, na balbu za kujiwasha zenyewe. Anataka vyote viwe kwenye akaunti moja, na sisi ndugu wanne tutumie neno la siri moja ili kurahisisha mambo. Mimi moyo unasita. Nikisema nina wasiwasi, naambiwa napinga maendeleo na simhurumii mama. Kweli natia chumvi? *Binti wa Pili*

JIBU: Dada yangu, hutii chumvi hata kidogo. Na kaka yako naye hajakosea kutaka mama apate nafuu. Kinachowagombanisha ni kwamba vifaa vimekuja kwenye sanduku moja, nanyi mnabishana kana kwamba ni kitu kimoja. Vitenganisheni. Mimi nikiitwa kufunga vifaa hivi kwenye nyumba ya mtu, huuliza juu ya kila kimoja peke yake: asiyetakiwa akikishika hiki, atafanya nini? Balbu ataiwasha na kuizima. Kitasa, ataingia ndani. Kamera ya chumbani, atamwona mama yako akibadilisha nguo. Madhara ya aina hiyo hayakai kwenye mzani mmoja.

Kwa hiyo balbu zifungeni hata leo. Taa ya korido inayowaka mama anapoamka usiku kwenda msalani inaweza kumwepusha kuvunjika nyonga, na hiyo kwangu ni faida kubwa kuliko vyote vilivyomo sandukuni. Hakikisheni tu kwamba swichi ya ukutani bado inawasha taa hata intaneti ikikatika.

Kamera ya chumbani, hapana. Hapo sina la kusitasita. Mwezi Mei 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera iliyo chini ya Amazon, na mojawapo ya madai yake ni kwamba mfanyakazi mmoja mwaka 2017 alitazama maelfu ya video za wanawake zilizopigwa na kamera walizoweka wenyewe vyumbani na bafuni. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Huyo hakuwa mdukuzi aliyevunja kitu usiku wa manane. Alikuwa mtu wa ndani, mwenye ruhusa ya kazini. Halafu Februari 2024 kampuni nyingine, Wyze, ilikiri kwamba baada ya mitambo yake kuzimika na kurudi, wateja wapatao 13,000 walionyeshwa picha kutoka kamera za nyumba za watu wengine. Hapo hata mwizi hakuhitajika, hitilafu tu ilitosha. Picha ikishatoka nje ya nyumba kwenda kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake za kuhifadhia, usalama wake hauko mikononi mwenu tena, hata muwe waangalifu vipi.

Sasa mjiulize, mnataka kujua nini hasa? Naamini mnataka kujua mama ameamka, ametembea, na hajaanguka. Hilo halihitaji picha. Kuna vihisi vidogo vya mwendo, na vingine vya mlango, vinavyosema tu kwamba kuna mtu amepita hapa au mlango wa friji umefunguliwa. Kimoja korido, kimoja jikoni. Ikifika saa nne asubuhi na jikoni hakuna aliyepita, simu zenu zinalia, mnampigia. Anayedukua kihisi kama hicho atajua kwamba nyumba ina mtu au haina, jambo ambalo nalo si dogo na linafaa kulindwa, lakini hatamwona bibi wa watu akiwa kwenye kanga yake ya kulalia.

Kuhusu jiko, nashangaa halimo kwenye orodha ya kaka yako ilhali ndilo linaloweza kuunguza nyumba. Tafuteni kifaa kinachozima jiko chenyewe muda ukipita au kisipoona mtu jikoni, pamoja na king'ora cha moshi. Vyote viwili vinaweza kufanya kazi bila intaneti kabisa. Kama fedha zimebana, uzeni kamera ya chumbani mnunue hivyo.

Kamera ya sebuleni ni mazungumzo na mama, si na mimi. Katika barua yako nimesoma anachotaka kaka, unachoogopa wewe na alichokiona mdogo wenu. Mama hajasema neno. Kama akili yake iko sawa, na kwa maelezo yako naona iko sawa isipokuwa kusahau jiko, nyumba ni yake. Mwelezeni kamera itaona nini, nani atatazama, saa ngapi. Akikubali, ielekezeni mlangoni badala ya kwenye kiti chake, na iwe na kifuniko anachoweza kukifunga mwenyewe kwa mkono wageni wake wakija. Akikataa, mheshimuni. Nimeona wazee wakitupia kitambaa kamera waliyofungiwa bila kuulizwa, na sikuwahi kuwaona wamekosea.

Spika mimi naiunga mkono, na najua baadhi ya wasomaji watanishangaa. Ni kweli ina kipaza sauti kinachosubiri kuitwa jina, na mara nyingine hudhani kimeitwa wakati hakijaitwa, kikapeleka maneno kwenye seva za kampuni. Lakini mama mwenye magoti mabovu akianguka, kuweza kusema "mpigie binti yangu" akiwa sakafuni ni jambo la uhai. Hapa wepesi wa kutumia na usalama ni kitu kile kile. Ingieni kwenye mipangilio mfute rekodi zilizohifadhiwa na mzime ununuzi kwa sauti. Na spika isiunganishwe na kitasa kamwe. Mwaka 2019 watafiti wa Japani na wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mwanga wa leza ukielekezwa kwenye kipaza sauti, hata kutoka umbali wa mita 110 na kupitia dirishani, spika huupokea kama sauti na kutii amri. Sidhani kuna mwizi atakayebeba leza hadi kwa mama yako. Atakachofanya ni kupaza sauti dirishani, na hilo linatosha kuwa sababu.

Kitasa sasa. Naelewa kwa nini anakihitaji, na vipo vizuri. Chagueni chenye vitufe vya namba, ambacho namba zake zimehifadhiwa ndani ya kitasa chenyewe ili kifunguke hata mtandao ukiwa haupo. Kila mtu apewe namba yake: wewe yako, mdogo wako yake, msaidizi wa nyumbani yake, na hiyo ya msaidizi ifanye kazi saa zake za kazi tu. Akiacha kazi, mnafuta namba moja na wengine hamsumbuki. Hapo ndipo kitasa cha kielektroniki kinapoushinda ufunguo wa chuma, maana ufunguo hujui umechongeshwa mara ngapi. Kiwe na tundu la ufunguo wa kawaida kwa siku betri zitakapoisha. Na kutoka ndani kifunguke kwa kuzungusha mkono tu, bila simu, bila namba, bila umeme, kwa sababu moto hausubiri mtu akumbuke tarakimu. Kufungua kutoka mbali kwa simu, zimeni. Kaka yako atalalamika kwamba hilo ndilo alilolipia. Mwambieni fimbo ya mbali haiui nyoka: mama akianguka, atakayemwinua ni mtu wa karibu mwenye namba ya mlango. Jirani mmoja mnayemwamini mpeni yake.

Nimeliacha neno la siri moja la watu wanne mwisho kwa sababu ndilo linalonitisha kuliko vifaa vyenyewe. Desemba 2019, kule Mississippi, mtu asiyejulikana aliongea na mtoto wa kike wa miaka 8 chumbani kwake kupitia kamera ambayo wazazi walikuwa wameifunga muda mfupi tu kabla. Kampuni, ambayo ni hiyo hiyo Ring, ilisema mifumo yake haikuvunjwa. Matukio ya namna hiyo, kwa maelezo yake, yalitokana na maneno ya siri yaliyokwishavuja kwingine na wenyewe wakayarudia. Miezi miwili baadaye ikawalazimisha wateja wote kuingiza namba ya pili ya uthibitisho. Sasa fikiria neno moja, ndugu wanne, simu nne, na kila mmoja ana mume au mke au mtoto anayeijua simu yake. Mmoja wenu akilitumia neno hilo kwenye tovuti ya kununulia viatu na tovuti hiyo ikadukuliwa, mlango wa mama umeingia kwenye orodha ya wezi na hakuna hata mmoja wenu atakayejua ni nani aliyelitoa.

Programu nyingi zinamruhusu mwenye akaunti kuwaalika wengine, kila mtu kwa jina lake na mipaka yake. Tumieni hiyo. Mwenye akaunti kuu awe wewe au mdogo wako, yeyote anayeweza kufika kwa mama siku hiyo hiyo. Kila mmoja awe na neno lake, refu, lisilotumika popote pengine, na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ile namba ya pili baada ya neno la siri, uwashwe. Kwenye ruta badilisheni neno la kiwandani. Mwaka 2016 programu haramu iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera, vinasa video na ruta kwa kujaribu tu jozi zipatazo 60 za majina na maneno ya kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa hivyo vilitumiwa kuizidi nguvu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta za watu kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mkiwa hapo kwenye ruta, fungueni mtandao wa wageni muweke vifaa vyote humo, simu na kompyuta za watu zibaki kwenye mtandao mkuu. Kazi nzima ni ya alasiri moja.

SWALI: Fundi, nimeachana na mume wangu na yeye amehama. Ndiye aliyefunga taa, kipozahewa na kamera ya barazani. Sasa usiku taa zinawaka na kuzimika zenyewe, na juzi alinitumia ujumbe akitaja mgeni aliyenitembelea. Nimebadilisha neno la siri la Wi-Fi lakini nikiunganisha vifaa upya mambo yanarudi vile vile. Nifanyeje? *Sitaki Jina*

JIBU: Pole sana, dada. Hauna wazimu na nyumba haina jini. Wi-Fi ni barabara tu. Amri zinatoka kwenye akaunti yake, na vifaa bado vinamtambua yeye kuwa mwenyewe. Ndiyo maana ukiviunganisha upya vinarudi kumtii.

Kabla ya kugusa chochote, naomba ujibu hili moyoni: unamwogopa? Kama amewahi kukupiga au kukutishia, usimkatie ghafla ukiwa peke yako, kwa maana mtu aliyezoea kukutawala akigundua amepoteza njia hiyo anaweza kuja mwenyewe mlangoni. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini au wanaosaidia wanawake walio katika hali hiyo, kwa simu ambayo hajawahi kuishika. Piga video taa zinapowaka, andika saa na tarehe, hifadhi ule ujumbe wa mgeni. Ukifuta vifaa kabla ya hapo, ushahidi unaweza kufutika navyo.

Ukiwa tayari, ichomoe kamera kwanza. Kisha fungua anwani mpya ya barua pepe asiyoijua, rudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, na kila kifaa kimoja kimoja nacho vivyo hivyo (mara nyingi kuna kitufe kidogo cha kubonyeza na kushikilia), halafu visajili kwa akaunti mpya. Kisichokubali kuachana na akaunti ya zamani, kitoe ukutani, weka balbu ya kawaida. Kagua pia simu yako: akaunti ya familia mliyokuwa mnashiriki, ramani inayoonyesha ulipo, na nakala za picha.

SWALI: Kamera yangu inafanya kazi vizuri ila kampuni imesema haitoi tena masasisho. Niitupe? *Mbana Matumizi*

JIBU: Ikiwa inaangalia ndani ya nyumba au mlango, iondoe kwenye intaneti. Kasoro zitakazogunduliwa kuanzia sasa hazitazibwa. Kama ina uwezo wa kurekodi kwenye kadi bila mtandao, bado itakufaa. Na shukuru kwamba umeambiwa: Aprili 2022 wateja wa Insteon, kampuni ya taa na swichi za kuendeshwa kwa simu, walikuta seva zimezimwa bila taarifa. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji aseme mapema atatoa masasisho ya usalama hadi lini. Popote ulipo, unaponunua nyingine, itafute tarehe hiyo kwenye boksi au kwenye tovuti yao, na usipoiona chagua kampuni nyingine. Ukiamua kuitupa au kumpa mtu ile ya zamani, ifute kwanza na uitoe kwenye akaunti yako, kwa sababu ndani yake kuna neno la siri la Wi-Fi yako.