Usimeze dawa ya kutanua mishipa kabla ya kipimo cha PET

Usiku wa kuamkia kipimo changu cha PET (picha ya mwili inayotafuta saratani kwa kutumia glukosi, yaani sukari, yenye mionzi) nilikuwa na kidonge cha presha mkononi, cha mtu mwingine wa nyumbani. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mishipa itatanuka, damu itajaa kwenye uvimbe, glukosi yenye mionzi itafika kwa wingi, picha itatoka safi. Namshukuru Mungu niliuliza kwanza.

Mishipa ya uvimbe haifanani na mingine. Imeota harakaharaka, imepindapinda, inavuja, na mingi haina misuli laini ya kuibana wala kuilegeza. Ukimeza dawa ya kutanua, inayotanuka ni mishipa yenye afya. Presha inashuka, damu inakimbilia huko, na uvimbe unaweza kubaki na damu kidogo kuliko mwanzo. Hidralazini, mojawapo ya dawa za kutanua mishipa, ilionyesha hivyo kwa wanyama wa maabara. Tena anjiotensini II, inayobana mishipa, ndiyo iliyoongeza damu kwenye uvimbe: mishipa yenye afya inabana, ile ya uvimbe inashindwa, damu inasukumiwa huko. Watafiti wa Japani walilitumia wazo hilo miaka ya 1980 ili kufikisha dawa za saratani. Lakini hiyo ni kazi ya madaktari wanaofuatilia presha ya mgonjwa muda wote. Usiijaribu nyumbani, nakusihi.

Halafu, kwenye kipimo hiki damu ni barabara tu. Anayeamua ni seli: ndiyo inayoinyonya glukosi na kuishikilia. Sukari ya damu ikipanda, inagombania mlango uleule. Kwa hiyo nguvu zako ziweke kwenye kufunga kula saa zote ulizoambiwa (mimi niliambiwa 6) na kutofanya mazoezi mazito siku moja kabla. Fika kwa wakati pia, maana florini-18, ile chembe yenye mionzi iliyofungwa kwenye glukosi, hupungua nusu kila dakika 110.

Baada ya sindano mhudumu alinifunika blanketi mbili, akaniomba nisiongee hata kwa simu. Misuli inayofanya kazi hunyonya glukosi, na ukisikia baridi, mafuta ya kahawia ya shingoni, yale yanayoupa mwili joto, hunyonya glukosi na kung'aa kwenye picha hadi yanachanganya macho. Nililala kimya karibu saa nzima.

Dawa zako zote ziandike kwenye karatasi, umpe daktari siku kadhaa kabla. Metformini, dawa ya kisukari, huweza kuyafanya matumbo yang'ae na kuficha kilicho nyuma yake, na insulini ikichomwa karibu na kipimo huipeleka glukosi kwenye misuli. Ipi isimamishwe na lini, aseme yeye.